Ushahidi wa Kurudi Nyumbani

Jumanne nilikuwa steshenari mjini Kahama, nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu binti aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo alikuwa akijiandaa kwa usaili wa viza. Mwenye duka alijifanya afisa wa ubalozi, miwani kwenye ncha ya pua. Baba wa binti, mfugaji wa Ushetu, alikaa kwenye benchi, kofia juu ya goti.

"Tutajuaje kwamba utarudi ukimaliza masomo?" aliuliza mwenye duka.

Binti alieleza habari za familia na kazi anayoitaka.

"Hayo maneno tu, dada. Wanataka kitu kinachokufunga."

"Kipo," baba alisema. Akatoa simu, akaonyesha picha ya ng'ombe zizini. "Mahari yake hiyo. Nimeshapokea. Atarudi tu."

Nilishtuka hadi karatasi zikanidondoka. Binti aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Baba, si uliniambia hawa ni wa rafiki yako, tunamtunzia?"

"Ndiye baba mkwe wako, mayu," baba alijibu, akimwita 'mama' kwa Kisukuma.

Mwenye duka, Mungu amsamehe, alishauri picha ichapishwe kwa rangi.

Ni kweli, watoa viza hutafuta kamba inayomfunga mtu kwao. Mzee alileta iliyo imara kuliko barua zote, ila hakumwambia anayefungwa.

Binti alirudisha simu, akaketi wima. "Niulize tena."

"Una mpango wa kurudi?"

"Mpaka asubuhi hii nilikuwa nao."