Ruhusa ya Kuona Majina

Wakati wa vita nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, iliyowatafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao wakikimbia. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi, na kompyuta niliijua kwa kuchapa barua tu.

Asubuhi moja aliingia komanda wa kikundi kilichoushika mji, akaketi bila kukaribishwa.

"Nataka kuona majina ya bazazi ya hawa batoto, na pahali banajificha."

Mkuu wetu, baba mmoja mpole, alimjibu kwamba jenereta haina mafuta. Ilikuwa kweli.

"Kesho nitarudia. Mutafute mafuta."

Wazazi hao walikuwa wamewakimbia watu wake. Majina yote yalikuwa katika faili moja, na yeyote aliyewasha mashine aliyaona. Mkuu alikwenda kuazima mafuta kwa mapadri. Mimi nikamwita kwa phonie, redio ya mawasiliano ya betri, fundi wetu aliyekuwa Uvira.

"Dada, tutatengeneza base mupya ya kuweka majina," alisema. "Kila mutu atakuwa na jina yake ya kuingilia, na we utamupa ruhusa ya kuona ile tu inamuhusu."

Mafuta yalipofika na mashine ikawaka, fundi alinisomea amri herufi moja moja, nami nikizirudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Milio ya risasi ilitoka upande wa milimani, na kila iliposikika vidole vyangu vilisimama. Nikakosea: nikampa kila mtu ruhusa ya kila kitu.

"Ondoa yote!" fundi alipiga kelele. "Kisha utoe kidogo kidogo."

Tulipofika kwenye neno la siri, alinikatiza. "Usiliseme hapa! Batu bote ba ziwa beko na phonie banatusikia."

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamuuliza nimpe ruhusa gani.

"Majina ya batoto, basi. Ya bazazi usinipe. Neno lako pia usiniambie."

"Lakini ni weye mukubwa wetu, papa."

"Ndiyo sababu nakuambia."

Kesho yake komanda alimketisha mkuu mbele ya mashine. Majina ya watoto yakatokea. Ukurasa wa wazazi ukakataa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nani iko na ruhusa?"

"Mi sina," mkuu alisema.

Komanda akanigeukia. "Na we?"

"Mi niko najifunza tu, komanda."

Aliniangalia, akaona karani tu, akaondoka na mkuu wetu. Mchana kutwa nilizunguka ofisini, nikishika kibodi, nikiiacha. Ningefungua tu ukurasa ule, mkuu angeachiliwa. Mkuu alirudi jioni, mdomo umevimba.

"Baliuliza sana," alisema. "Sikukuwa na cha kubaambia."

Sikuweza kumtazama usoni.

Baadaye alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha Swima. Niliufungua ukurasa wa wazazi kwa jina langu, nikamwonyesha binti yake yuko kambini ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Mtoto alipoletwa kwa boti, mama hakukaa hata kunywa maji.

"Sasa mututoe mule ndani ya mashine," aliniambia. "Sisi bote."

Nikawafuta. Alipokwisha kwenda, niliandika jina lake nikalitafuta tena, na tena, nikiogopa kwamba mashine imebakiza kitu nisichojua kukiona.