Bibi Mifugo wa Prailangu

Wajumbe wa Umbu Retang, tajiri wa jirani, walifika kijiji cha Prailangu mwezi wa sita, nyasi za vilimani zikiwa zimeshakauka. Walikuwa wazee wanne juu ya farasi, na mfuko wa tambuu na popoo. Walikuja kumposea mke kijana wa Umbu, na ahadi yao haikuwa ndogo: nyati kumi wa kufugwa, farasi kumi, na dhahabu ya masikioni. Kwa Ngabi, baba wa binti, ambaye zizi lake lilikuwa na nyati watatu tu, ilikuwa bahati iliyomdondokea.

Binti mwenyewe, Kahi, alikuwa jikoni akichambua mchele na mama yake. Alikuwa na miaka kumi na minane, mfupi, mwenye mikono myembamba. Chini ya nguo zake sandukuni ilikuwamo barua ya kukubaliwa chuo cha mifugo kule Kupang, ng'ambo ya bahari. Tangu utotoni alitaka kuganga wanyama. Akiwa na miaka tisa alimwona nyati wa baba yake akifa katika kuzaa, wanaume sita wakivuta kamba bila kujua wanachokivuta, na siku mbili nzima chakula hakikumpita kooni.

"Baba yako ameshatafuna tambuu yao, amekubali," mama alimnong'oneza.

"Nimesikia."

"Basi ukikaa hapa mpaka wiki ijayo, hutoki tena."

"Na baba je?"

"Baba yako niachie mimi. Miaka ishirini naye, najua pa kumshika. Wewe nenda."

Kesho yake, Ngabi akiwa shambani, Kahi alipanda lori la mahindi hadi bandarini. Mama alimpa kitambaa kimoja alichokifuma mwenyewe, akageuka haraka kurudi ndani.

Mama alimwambia nini mumewe, hakuna anayejua. Kinachojulikana ni kwamba wajumbe walirudishiwa tambuu yao mbele ya watu, na tangu siku hiyo Ngabi hakulitamka jina la binti yake.

Mwaka wa pili wa masomo, binamu yake Babang alimpigia simu. Mama alikuwa amepata homa, siku tano tu, akafariki. Kahi alifika nyumbani akamkuta kwenye kona ya nyumba, amekalishwa kama ilivyo desturi kwa maiti anayesubiri mazishi, amezungushiwa vitambaa tabaka kwa tabaka. Baba yake alikuwa ameketi pembeni.

"Mwangalie vizuri," Ngabi alisema. "Hawezi kwenda kwa wazee wake bila nyati wa kuchinjiwa, wa kumsindikiza. Mimi ninao watatu, hawatoshi. Wale kumi uliwakataa wewe."

"Baba..."

"Atakaa hapo hapo. Mwaka, miaka kumi, sijui. Uwe unajua anakaa kwa ajili ya nani."

Kahi alitandika mkeka kwenye kona ile. Alilala siku tatu karibu na mama yake, kisha akarudi chuoni kwa sababu mtihani ulikuwa unakaribia, na kwa sababu asingerudi, mama yake angekuwa amekaa pale bure. Babang alimuuliza kama moyo wake ni wa jiwe. Njia nzima kwenye meli Kahi alijiuliza hilo hilo.

Alimaliza. Ofisi ya mifugo ikampangia vijiji saba, Prailangu kikiwamo, ikampa pikipiki mbovu na sanduku la baridi la kuhifadhia mbegu za dume. Hakuna aliyemwita. Nyati na ng'ombe ni mambo ya wanaume, na mwanamke anayeingiza mkono ndani ya jike mpaka begani, amevaa glavu ndefu, ilikuwa sinema ya bure.

"Bwana mifugo ana sketi!" vijana walipiga kelele kisimani.

"Dada, unatafuta nini huko ndani? Mchumba uliyemkimbia?"

"Natafuta akili zako," Kahi alijibu. "Mama yako aliniambia zilipotea siku ile ya kukuzaa."

Walicheka, naye akacheka nao. Akifika kwenye chumba chake cha kupanga, alikuwa akijifungia na kulia mpaka macho yanavimba.

Wa kwanza kumwamini alikuwa Mama Njera, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Kahi alimpandikiza ng'ombe huyo mbegu, mimba ikashika. Lakini siku ya kuzaa mvua ilikata njia, pikipiki ikagoma, na Kahi akatembea saa nne kwenye matope. Alipofika, ng'ombe na ndama wote walikuwa wamekufa, na Mama Njera ameketi kando yao na mwavuli juu ya kichwa cha ng'ombe.

"Sikulaumu, mwanangu," alisema yule mjane. Kahi angependa alaumiwe.

Wengine walimlaumu. Walisema mkono wa mtu ambaye mama yake hajazikwa hauwezi kuleta uhai. Maneno hayo yalimfikia Kahi sokoni, na kwa mara ya kwanza aliandika barua ya kuacha kazi. Ilikaa mfukoni wiki mbili.

Ndipo Babang alipokuja mbio asubuhi moja. "Nyati wa baba yako. Tangu alfajiri anasukuma, hakuna kinachotoka."

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Hajanituma. Ila aliniona nikiondoka, akanyamaza."

Kahi alikuta wanaume watano na kamba, tayari wameifunga kwenye mguu mmoja uliokuwa umetokeza. Baba yake alikuwa ameshika kichwa cha nyati.

"Fungueni hiyo kamba," Kahi alisema.

Walimtazama Ngabi. Ngabi alitazama chini.

"Baba, waambie wafungue. Mguu wa pili umekunjika ndani. Wakivuta watampasua."

"Wewe umejuaje, hata hujamgusa?"

"Nilikuwa na miaka tisa nilipoona hivi hivi. Na wewe ulikuwepo."

Ngabi aliwainulia uso wale wanaume. "Fungueni," alisema.

Mikono ya wale wanaume ilikuwa minene. Walikuwa wamejaribu ikakwama. Wa Kahi ulipita. Alilala kifudifudi kwenye tope, shavu likigusa paja la nyati, akapapasa hadi akaipata kwato, akaifunika kwa kiganja isichane, akaanza kuinyoosha polepole. Nyati aliposukuma, mfupa ulimbana mkono mpaka akahisi utavunjika. Hakuutoa.

"Usidhani nimesahau," Ngabi alisema juu yake.

"Sijakwambia usahau, baba. Mshike kichwa vizuri."

Ndama alitoka akiwa hai, jike. Kahi alimsafisha pua kwa majani, akaketi, mkono umekufa ganzi. Ngabi alimletea maji kwenye kata. Alisubiri mpaka amalize kunywa. Ile barua ya kuacha kazi Kahi aliitumia kuwashia moto.

Baada ya hapo watu walianza kumwita, kwanza kwa aibu, wakipitia kwa wake zao. Zizi la Ngabi likaongezeka taratibu. Mwaka wa sita tangu afariki, mama alizikwa. Nyati watano walichinjwa, na wawili kati yao Kahi alikuwa amewapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Alikwenda nyuma ya nyumba asiwaone wakianguka, na nyama alipopewa aliigawa kwa Mama Njera.

Umbu Retang alihudhuria mazishi, kama jirani. Alimfuata Kahi uani.

"Binti, nina nyati wangu jike, mwaka wa tatu huu hashiki mimba. Utakuja kumwangalia?"

"Nitakuja Jumatatu, Umbu."

"Usikimbie tu njiani, kama ile mara." Alicheka peke yake.

"Sikukimbia, Umbu. Nilikwenda shule."

Jumatatu alikwenda. Na jioni alipopita kwa baba yake, alimkuta na wageni wa mbali kibarazani, wakiuliza huyu mama wa pikipiki ni nani.

"Ni bibi mifugo," Ngabi alijibu. Alitema tambuu, akaongeza: "Amenigharimu nyati kumi."

Kahi alivua kofia, akaingia ndani kuinjika chai. Kona ile aliyokalishwa mama ilikuwa tupu, imefagiliwa, na bado alipita kwa kunyata.