Nongo ya Shingoni

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtaa mzima hapa Bagamoyo ulimsifu kwamba ana afya. Afya kwetu ni unene, kila mtu anajua. Mtoto akikonda, mama yake ndiye anayesemwa. Wangu alijaa mashavu hadi vifundo vya miguu, nami nikitembea naye kifua mbele. Asubuhi nilimpa vitumbua vitano na chai ya maziwa iliyokolea sukari, na akitaka cha sita, nani angemnyima?

Wifi yangu mkubwa alipokuwa anamwoza bintiye, tulikusanyika wanawake kumsinga bi harusi kwa manukato. Mwanangu alipita na sinia la liwa. Wifi akamshika kidevu, akamwinamisha, akamtazama nyuma ya shingo. Palikuwa na weusi mzito, kama masizi ya sufuria, nami nilikuwa nikiufunika na mtandio.

"Wifi," akasema, "mashallah, mtoto ana afya. Ila maji hayamfiki shingoni."

Walicheka wote, hata bi harusi. Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Mimi ambaye sufuria zangu watu hujitazamia nyuso, leo nimezaa mtoto wa nongo?

Kesho yake, kabla hajaenda chuoni kusoma Kurani, nilimwingiza bafuni na dodoki jipya, sabuni ya mche, ndimu na chumvi. Nikamwambia ainame. Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi, na weusi ukabaki palepale. Nikaona dodoki limekuwa laini, nikachukua jiwe la kusugulia miguu. Alipolia nilimfinya. Nilimwita gunia. Nilimwambia watoto wa wenzangu wanaoga na kutakata, yeye ana ngozi ya kifaru. Tulifanya hivyo kila asubuhi, wiki tatu nzima.

Siku zizo hizo alikuwa akimaliza mtungi wa maji, akienda chooni kila saa, akisinzia mbele ya msahafu. Mwalimu alilalamika. Mimi nikasema ni uvivu, nikaongeza kofi.

Mwishowe shingo ilichubuka, ikatunga usaha. Niliweka manjano, niliweka asali, kidonda hakikufunga. Ndipo nikampeleka hospitali, na njiani nilimkanya asianze kulialia mbele za watu.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, mpole. Alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akatazama, akarudia tena kwa kidole kingine. Kisha akanieleza polepole. Mwili una homoni inayoitwa insulini, kazi yake ni kuifungulia sukari iingie kwenye viungo. Kwa mtoto huyu mnene viungo vimekuwa viziwi. Insulini inabisha hodi, haiitikiwi, mwili unatoa nyingine, na nyingine tena. Hiyo iliyozidi ndiyo inayoikoleza ngozi ya shingo na kwapa. Na sasa mwili umechoka kuitoa, sukari imejaa kwenye damu, ndiyo maana kiu haiishi na kidonda hakiponi.

"Mama, hii si nongo," akasema. "Haitoki kwa kusugua. Hii ingekuonyesha mapema kwamba mtoto anaumwa."

Nilitazama sakafu. Wiki tatu nilikuwa naifuta ile alama kwa jiwe.

Daktari akasogeza taa, akakiangalia kidonda vizuri, uso ukambadilika. Akauliza nani amemsugua namna hii.

Mwanangu alinitazama mara moja, akageuza macho. "Mimi mwenyewe, dokta. Mama ananikataza kila siku, mimi ndiye sisikii."

Daktari akamshika bega, akamwambia asirudie tena, amsikilize mama yake, kwani mama ndiye anayemtakia mema. Kisha akaniangalia, akingoja nami niseme neno.

Mungu anisamehe, nilimgeukia mwanangu nikamwambia, "Umesikia?"