Landrova ya Baba na Matairi Mapana

Sisi tuliokulia Likawage kabla pikipiki hazijatapakaa tulikuwa tunalijua gari kwa mlio, maana lilikuwa moja tu. Ukisikia ngurumo upande wa mbuga, huulizi ni nani. Ni Baba anarudi kutoka Kilwa, landrova imejaa chumvi, sabuni, mafuta ya taa na samaki wa ng'onda, na juu ya magunia wamekaa watu waliojaa vumbi mpaka kwenye kope. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kijana wa leo ukimwambia kijiji kizima kilikuwa na gari moja anakutazama kwa huruma, halafu anarudi kwenye simu yake.

Harufu ya landrova ile bado ninayo puani. Ilikuwa petroli, viti vilivyopasuka, korosho, jasho la watu, na juu ya vyote hivyo ubani. Kila Alhamisi jioni Mama alichukua chetezo akafukiza nyumba, chumba baada ya chumba, na akimaliza chumba cha mwisho alitoka nje akafukiza na landrova, kuanzia kwenye usukani mpaka nyuma kabisa. Hakuna jirani aliyemshangaa. Mambo yanayotokea ndani ya nyumba yalitokea na mle: wanawake walijifungua mle wakiwahishwa hospitali, wagonjwa walilala mle, na waliofia mjini walirudishwa kwao mle.

Sisi watoto tulikuwa na landrova zetu. Tulizitengeneza kwa miti ya muhogo, na magurudumu tuliyakata kwenye kandambili zilizokatika. Mwenye kandambili mpya alizifanya mto usiku, asije akaamka akakuta moja imegeuka tairi. Mimi nilikuwa msichana pekee katika madereva wale, na Mama lilimkera sana jambo hilo. "Mtoto wa kike unashinda na magurudumu, wewe utaolewa na fundi." Niliolewa na muuza vitambaa ambaye hata baiskeli hajui kuijaza upepo.

Shuleni tulikwenda alfajiri, huyu na ufagio, yule na kidumu cha maji ya kumwagilia miti, na kwenye mfuko wa daftari ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini ambavyo mama zetu walivichimba msituni wakati chakula kimepungua. Siku hizi ming'oko inauzwa kwa wageni stendi, imepangwa vizuri kwenye sahani. Sisi tuliila kwa sababu hakukuwa na kingine, na tulicheka tukiila.

Masika ikianza, mbuga ile ya udongo mweusi iligeuka uji. Hapo ndipo Baba alipokuwa Baba. Landrova yake ilikuwa na matairi membamba, marefu, na watu wa mjini waliyacheka. Mwaka mmoja mfanyabiashara wa ufuta alikuja na gari lake lenye matairi manene, la kifahari, likaingia mbugani na kukaa pale juu ya tope, magurudumu yanazunguka, lenyewe haliendi mbele wala nyuma. Baba alilivuta kwa mnyororo, wala hakumcheka mtu. Tulipofika nyumbani tu ndipo aliposema, huku ananawa, "Tairi jembamba linakwenda kutafuta chini pagumu. Lile pana linaelea." Nililishika neno lile kama nilivyozishika sura nilizosomeshwa madrasa.

Lakini kazi iliyomfanya Baba aheshimiwe mpaka Kilwa Masoko haikuwa ya chumvi wala ya ufuta. Ilikuwa ya maiti. Nyuma ya landrova, humo ndani, kila upande palikuwa na sanduku la bati linalofunika gurudumu. Jeneza la msikiti, lile zito la mninga lenye mishikio pembeni, lilipita katikati ya masanduku yale mawili likakaa sawasawa, bila kutikisika. Wanaume waliketi juu ya masanduku, huku na huku, mkono mmoja kila mtu ameuweka kwenye jeneza. Baba aliwasha taa mchana kweupe na hakupiga honi njia nzima. Watu wakiiona landrova inakuja taratibu, taa zinawaka na jua lipo, walijua. Wanaume waliinuka kwenye mikeka. Wanawake walitua ndoo. Sisi tuliacha mchezo tukasimama na mikono nyuma mpaka vumbi limetulia, na hakuna aliyetuambia tufanye hivyo.

Kwa safari hizo Baba hakupokea nauli ya mtu. Alisema na yeye ana safari yake. Mama alipofariki hospitalini mjini alimpeleka mwenyewe, akaendesha mwenyewe, na baada ya hapo neno likawa moja kila mwaka, kila tukikusanyika Idi: "Siku yangu ikifika msinihangaikie na magari ya watu. Mniingize humu, mnipeleke Likawage nikalale karibu na mama yenu." Hakuomba kingine katika maisha yake, na ninasema hivi nikiwa ndiye mkubwa wa watoto wake.

Miaka ikaenda. Baba aliota mtoto wa jicho macho yote mawili, nikamchukua kwangu Kilwa Masoko, naye akaja na landrova yake, tukaijengea kibanda cha makuti uani. Asubuhi alikwenda kukaa ndani yake, akanywea chai humo. Nilimwacha. Mtu mzima ana haki ya kukaa anapopapenda.

Mdogo wetu wa mwisho, Shaibu, anakaa Lindi mjini, anapamba harusi na kukodisha magari ya maharusi. Msidhani ni mtoto mbaya. Aliipenda landrova ile kuliko sisi sote, alizaliwa wakati imeshazeeka akaikuta kama babu. Sasa siku hizi gari la zamani limekuwa fasheni, maharusi wanataka kupigwa picha wamekaa juu ya boneti, na gari likiwa halina rimu zinazong'aa na matairi mapana yaliyotokeza nje wanaona ni la kubebea mkaa. Shaibu akaja kumwomba Baba. Baba akamjibu, "Gari ni lenu. Mimi nimeshalikalia vya kutosha." Shaibu akambusu mkono, na kesho yake akaondoka nayo.

Iliporudi sikuitambua. Ilikuwa nyeupe pe, rimu zinawaka jua mpaka zinaumiza macho, matairi manene, meusi, yametanua miguu pale uani. Shaibu akaeleza kwa furaha walivyohangaika. Matairi yalikuwa mapana mno. Gari likibeba watu yanasugua bati. Fundi hakutaka kukata bodi ya nje kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha, basi akakata ndani. Yale masanduku mawili ya bati akayatoa, akachomelea mengine makubwa, marefu zaidi, yenye mgongo wa mviringo, yaliyoingia katikati kutoka kila upande. Juu yake wakaweka mito ya mahameli nyekundu. Bibi harusi akae raha.

Nilimshika Baba mkono nikamtoa nje. Aliinama akapapasa tairi, akalizunguka kwa kiganja. "Imevaa viatu vya mtu mwingine," akasema, na Shaibu akacheka sana. Kisha akataka nimpeleke nyuma. Akaingiza mkono, akaulaza kati ya sanduku na sanduku, kiwiko huku na ncha za vidole kule, akapima. Akapima tena. Shaibu alikuwa bado anahadithia habari za bibi harusi mmoja wa Rutamba aliyekwisha kuiwekea nafasi. Baba akautoa mkono wake, akaufuta kwenye kanzu, akasema, "Mungu akubariki nayo, mwanangu," akaomba arudishwe ndani.

Nikamfuata mpaka kitandani. "Baba, umejua?"

"Nimejua."

"Basi nimwambie."

"Mwache kwanza. Amefurahi, na ana watoto wa kulisha."

Mimi mdomo wangu hauna kufuli, wanaonijua wanajua. Nilitoka nikamvuta Shaibu nyuma ya jiko nikamuuliza jeneza la msikiti litapita wapi. Alinitazama kama sijasema Kiswahili. Halafu nikaona limemwingia. Alikaa chini palepale kwenye kuni.

"Dada, wallahi sikulifikiria jeneza."

"Ungelifikiria wapi, wewe unafikiria picha."

Akaniapia atayarudisha yale ya zamani. Fundi anayo, hajayatupa. Ila aliniomba nisubiri msimu wa harusi uishe. Watu walikuwa wameshauza ufuta, kila wiki kuna ndoa, na landrova imewekewa nafasi mpaka karibu na Ramadhani. Ikifika Ramadhani inarudi kwa fundi, matairi yatolewe, kila kitu kirudi kilivyokuwa. Nilikubali kwa shingo upande. Baba alikuwa anakula, anaswali, anatubishia kuhusu bei ya samaki. Tuliona muda upo.

Ninachowalaumu vijana wetu ni hiki, na nasema bila chuki. Wanalipima gari kwa jinsi linavyoonekana likisimama. Baba alilipima kwa mtu aliyelala ndani yake. Wakikuta kitu cha wazee wanakipamba, wanakipenda kwelikweli, wanakipiga picha, na hawaulizi kilikuwa kinafanya kazi gani.

Ramadhani hatukuifikia naye. Asubuhi moja alikunywa chai nusu kikombe, akasema anajilaza kidogo, na hakuamka. Nilimpigia Shaibu nikamkuta Kitomanga, amepeleka maharusi. Alikuja vilevile alivyokuwa. Landrova iliingia uani na tepe nyekundu zimefungwa kwenye boneti na maua ya karatasi kwenye vioo, na wanawake waliokuwa wamekaa msibani waliinua macho, wakainamisha. Shaibu alizing'oa tepe kwa mikono miwili huku analia kwa sauti kama mtoto.

Walimwosha, wakamvika sanda, akaswaliwa. Mimi nilisimama mlangoni na wanawake wenzangu nikiangalia wanaume wanavyoliingiza jeneza. Liliingia kidogo, likakwama. Wakalitoa, wakalijaribu upande mmoja juu, mmoja chini, na baba mdogo Saidi, mdogo wake marehemu, akasema, "Msimpindishe." Mmoja akashauri waliweke juu ya yale masanduku. Wakaliinua. Migongo ile ya mviringo haikulipatia pa kukaa, likawa linayumba hata gari halijawashwa. Wakamshusha Baba, wakamrudisha chini kwenye kivuli.

Hapo Shaibu akachukua nyundo. Alipanda nyuma akaanza kuyapiga yale mabati, anapiga na kulia, na mlio ule ukajaa uani, na Baba amelala pale anasubiri. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga bati natoka nje. Baba mdogo Saidi alipanda akamshika mkono. "Inatosha, mwanangu. Maiti hacheleweshwi."

Jirani yetu anayeuza samaki alitoa pikapu yake. Waliiosha kwa sabuni, wakaimwagia maji ya waridi, nikafukiza ubani mimi mwenyewe, na bado harufu ya samaki haikutoka. Mishikio ya jeneza ilifungwa kwa kamba kwenye vyuma vya pikapu. Magari ya watu. Lile lile alilotuomba tusimfanyie ndilo tulilomfanyia, na wote tulikuwa tunampenda.

Sisi wanawake tulipanda landrova, Shaibu akaendesha, tukaifuata pikapu. Nilikaa kwenye mto wa mahameli na magoti yangu yakawa pale katikati, kwenye nafasi ile iliyobanwa. Nilitaka kukunja miguu isikanyage pale. Hapakuwa na pa kuiweka.

Baba mdogo Saidi alikuwa ameagiza pikapu iwashe taa, nayo iliwasha. Lakini siku hizi kila basi na kila pikipiki inawasha taa mchana, taa si habari tena. Tulipofika njia panda ya Nangurukuru, pale wanapokaa vijana wa bodaboda, pikapu ilipita mbele yao taratibu. Mmoja alikuwa anakula mahindi, wengine wapo kwenye simu zao. Hakuna aliyeinua kichwa. Wangejuaje? Pikapu ya samaki hupita pale kila siku.

Kisha tukatokea sisi. Nikawaona wanainuka. Waliinuka wote, hata yule wa mahindi, simu zikapanda juu, mmoja akapiga mluzi, mwingine akainama kuangalia rimu zinavyozunguka. Kipande cha tepe nyekundu kilikuwa kimebaki kwenye kioo cha pembeni, kinapepea. Kijana mmoja akakimbia kando yetu akimpungia Shaibu mkono, anacheka, anasema kwa sauti, "Bwana harusi, piga honi basi."

Shaibu hakupiga. Mimi kule nyuma nilijifunika uso kwa khanga. Enzi zetu watu waliosimama barabarani walisimama kwa ajili ya anayekwenda kuzikwa. Siku ile pia walisimama, kijiwe kizima, na Baba alikuwa ameshapita.