Chokaa ya Nyonga

Punda aliniangusha mtaani Wiyoni, nikavunjika nyonga, nikatiwa ya chuma. Daktari alinieleza kwamba chuma hicho kimepakwa madini yaliyo kama ya mfupa, ili mfupa wangu ukishike. Kosa langu ni kumsimulia mjomba, fundi wa kupiga lipu ya chokaa. Alinisikiliza, akauliza, "Na maji unamwagiliwa?" Kwake yeye, madini hayo ni chokaa tu, na chokaa isiyomwagiliwa mpaka ikomae hupasuka. Basi kila asubuhi alikuja na jagi la maji, akanisimamia hadi nilimalize. Nilikunywa huku nimenuna.

Baada ya miezi, picha ilionyesha mfupa umeshika barabara. Mjomba aliitazama kama anayekagua ukuta wa fundi mwenzake. "Bwana daktari, kazi ni nzuri," akasema. "Lakini maji ni yangu."