Yungiyungi na Kabichi za Jirani

Jirani yangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale alinichukia kabla hajalijua jina langu, nami nikamchukia vivyo hivyo. Tulikutana Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wageni, mara tu tulipofika kutoka Kivu Kusini. Baba yangu alikuwa na homa. Jirani huyo wa baadaye, mtu wa milima ile ile tuliyotoka sisi, aliwaambia watu tuliolala nao ukumbini kwamba mgonjwa wetu angewaulia watoto. Tukasukumwa pamoja na mikeka yetu hadi mlangoni, mvua ilikokuwa ikiingia. Baba alipona. Kisha viwanja vikagawiwa, na cha mtu yule kikapakana na chetu.

Nyuma ya viwanja hivyo ardhi inateremka hadi kwenye kinamasi cha ziwa. Hapo, kabla ya mafunjo kuanza, palikuwa na kidimbwi kilichojaa yungiyungi la buluu, ambapo ng'ombe wa tajiri mmoja walikuja kunywa maji. Nilikuwa nikifundisha biolojia katika sekondari ya huko huko, na kwa kuwa shule haikuwa na maabara, niliwapeleka wanafunzi kidimbwini.

Watu hudhani yungiyungi ni ua pole. Lina upande mwingine. Hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri, na hurudia hivyo kwa siku chache tu. Siku ya kwanza ni jike: katikati yake pana kikombe kidogo chenye majimaji, na stameni zimesimama kukizunguka, laini, zenye utelezi. Nyuki akija na chavua ya ua jingine hutua juu yake, huteleza na kuangukia kikombeni. Chavua inamtoka na kubaki humo. Mwenyewe mara nyingine hutoka, mara nyingine huzama. Kesho yake kikombe kimekauka, stameni zinamwaga chavua, na nyuki wanaokuja wanaondoka salama.

Niliwaonyesha wanafunzi nyuki aliyekufa ndani ya ua. Msichana mmoja akauliza kwa nini ua limuue anayelisaidia.

"Halimjui," nilimjibu. "Limeshapata lilichotaka."

Asubuhi moja tulikuta maji yamepungua, majani ya yungiyungi yamelala juu ya tope. Jirani alikuwa ndani ya mfereji mpya, ameshika jembe.

"Papa, maji haya unayapeleka wapi?" nilimuuliza.

Hakuacha kuchimba. "Fasi yenye itayapokea."

"Kidimbwi hiki si chako."

"Na si ya weye. Nitapanda kabichi hapa. Batu banakufa na njala, weye unaleta batoto ya batu kutazama maua. Banakulaka maua?"

Wanafunzi wangu walicheka. Nilimwambia kwamba viazi vya yungiyungi vinaliwa, na kwamba wako watu wanaovichimba wakati wa njaa. Lilikuwa jibu la mwalimu, halikunisaidia chochote. Alinigeuzia mgongo.

Kabichi zilikuwa zimeanza kufunga vichwa wakati ofisa wa mazingira alipokuja kutoka Mbarara. Alisimama ukingoni, viatu vyake vimejaa tope, akasema kwa Kiswahili cha askari, "Hii maji ni ya gavumenti. Wewe nafunga hii mfereji. Mimi narudi. Nikikuta iko wazi, nafunga wewe."

Jirani hakumtazama ofisa. Alinitazama mimi.

Kabla ya jioni mtaa mzima ulijua kwamba mimi ndiye niliyeshtaki. Sikuwa nimeshtaki. Nilieleza mara mbili, nikaona nyuso zao, nikaacha. Mama alipokwenda bombani, wanawake waliondoa dumu lake kwenye foleni na kuliweka nyuma kabisa. "Mama ya mushitaki atangojea," walisema. Mama akangojea, na kesho yake wakamfanyia vile vile.

Kisha jirani akaingia kidimbwini na panga, akafyeka kila jani na kila ua, akalimwaga rundo lote mlangoni kwetu. Lilinuka tope na uozo. Nililizoa kwa mikono yangu, nikavuka mpaka na kulitupa juu ya kabichi zake. Alikuja mbio, jembe juu. Baba akasimama kati yetu, mtu mzima, amekonda.

"Piga," Baba alimwambia. "Kule Kabazana ulishindwa kuniua. Piga sasa."

Jembe lilishuka polepole. Hakuna aliyeomba radhi.

Mkuu wa shule aliniita na kunikataza kupeleka watoto kinamasini. Wazazi hawataki, alisema, bila kuniangalia. Muhula ulipokwisha nilihamia Mbarara, nikapata kazi katika shule nyingine na chumba upande wa Makenke, mahali ambapo hakuna aliyenisalimu wala kunitukana.

Ofisa hakurudi, na mfereji ulibaki wazi hadi mvua zilipokuja, ukajaa tope ukaziba na maji yakarudi yote. Kabichi za mwisho zikaoza zikiwa zimesimama. Panga lilikuwa limekata majani tu. Viazi vilikuwa chini, kwenye tope, na mbegu pia zilikuwamo, kwa sababu ua la yungiyungi likishamaliza kazi yake bua hujikunja na kulivuta chini ya maji, na tunda hukomaa huko huko.

Nilipokuja nyumbani likizo, kidimbwi kilikuwa cha buluu. Jirani alikuwa amesimama ukingoni. Nilitaka kupita.

"Ni mwenye ng'ombe ndiye alishitaki," akasema. "Ng'ombe zake zilikosa maji."

"Ulijua lini?"

"Zamani. Mbele ya ile siku nilikata maua."

"Na ukaacha mama yangu atukanwe."

Alitema mate majini. "Ule mutu iko na bandugu mu gavumenti. Ningemufanya nini? Weye ulikuwa karibu."

Niliteremka majini, nikachuma ua moja la siku ya kwanza ili niwapasulie wanafunzi wangu wa Mbarara, nikapita mbele yake bila kuaga.

Wanawake wa bombani walipopata habari kwamba aliyeshtaki si mimi, walimtumia Mama ujumbe kwamba anaweza kurudi mahali pake kwenye foleni. Hadi leo Mama anachota maji kwenye bomba la mtaa wa pili, ng'ambo ya kilima, na akirudi na dumu lake hupita katikati yao, amenyoosha shingo.