Kicheko Katika Kaseti ya Sabini na Nane

Vernon Tatro alikata mawe ya makaburi mjini Barre kwa miaka thelathini na minne. Wenzake kazini walizungumza juu ya mpira na uwindaji wa kulungu. Yeye hakuwa na habari ila ya Slate Hollow, bendi ya wanamuziki watano ambao wimbo wao mmoja uliweza kuchukua dakika arobaini, na hawakuupiga vilevile mara mbili. Bendi hiyo haikuwakataza mashabiki kurekodi maonyesho yake. Basi Vernon aliifuata huku na huko, akasimama katikati ya kumbi na maikrofoni zake mbili juu ya fito, kimya kama aliye kanisani. Nyumbani, chumba cha chini kilijaa kaseti hadi darini, kila moja na tarehe yake.

Alipostaafu, watu wawili walikuwa wakimtembelea kila Jumapili mchana kula maharage na kusikiliza kaseti. Mmoja alikuwa Clayton Ouellette, fundi bomba wa zamani, mtu asiyeishiwa maneno. Wa pili ni Ruth-Ann Lavigne, aliyefundisha shule ya msingi mpaka nywele zikawa nyeupe, ambaye alifuma soksi huku akiwaamulia ugomvi. Nao ugomvi ulikuwa mmoja tu, wa miaka ishirini. Lester, mpiga kinanda wa kwanza, alifariki mwaka 1981, na kwa Vernon bendi nzima ilizikwa naye. Clayton alishikilia kuwa bendi ilipevuka miaka ya tisini, baada ya kinanda kushikwa na mwanamke aliyeitwa Odile. Waliweka kaseti ya zamani, kisha ya baadaye, wimbo uleule, wakapima nani alichelewa na nani aliwahi.

“Za kwako ni makelele ya vijana waliolewa,” Clayton alikuwa akisema.

“Na za kwako ni muziki wa kwenye lifti,” Vernon alimjibu, na wote watatu wakaendelea kula.

Jumapili moja ya Novemba, Clayton alikuja na kaseti isiyoandikwa kitu. Alimtaka Vernon asikilize kisha ataje mwaka. Vernon akafumba macho. Besi aliisikia ikitembea, ngoma aliisikia, lakini palipotakiwa kuwa na kinanda palikuwa na kitu kama upepo chini ya mlango. Alijua kinanda lazima kipo, hivyo akakijaza mwenyewe kutoka kichwani. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka mitatu na hakumwambia mtu.

“Sabini na nane, kule Albany,” akasema. “Huyo ni Lester. Hata mtoto angemjua.”

Clayton alijipiga paja kwa kicheko. Ilikuwa tisini na saba, na vidole vilikuwa vya Odile, yuleyule ambaye Vernon alimdharau miaka yote. Ruth-Ann hakucheka. Sindano zake zilisimama, akamuuliza Vernon jambo kwa sauti ya chini, na Vernon akaendelea kuitazama spika. Akamuuliza tena. Hapo kicheko cha Clayton kikakatika.

“Vern,” Clayton alisema, safari hii kwa nguvu. “Tangu lini husikii?”

Vernon aliwaambia waende makwao. Hawakubisha. Sufuria ya maharage ilibaki jikoni kama ilivyokuwa, hakuna aliyeigusa.

Daktari alimwonyesha karatasi yenye mstari ulioteremka ghafla kama ukingo wa machimbo. Misumeno ya mawe ilikuwa imekula sauti zote za juu, na kilichokwenda hakirudi. Akapewa vifaa vya kuvaa masikioni. Kwa kusikia mazungumzo ya watu vilifaa. Kwa muziki vilikuwa kama vijiko vinavyotikiswa ndani ya kopo. Theluji ilianguka, Krismasi ikapita, na simu ya Clayton ilipoita, Vernon aliiacha iite.

Mwezi wa Februari alishuka chumba cha chini kutafuta kaseti moja. Ilikuwa kweli ya Albany, sabini na nane. Wakati wa kurekodi, mkewe Joyce alikuwa amesimama kando yake, mjamzito wa miezi saba, na kati ya wimbo wa pili na wa tatu kuna kitu kilimchekesha, akacheka karibu kabisa na maikrofoni. Joyce alikuwa na miaka saba kaburini, chini ya jiwe ambalo Vernon alilikata kwa mkono wake. Hakuwahi kuwaeleza Clayton na Ruth-Ann kwamba miaka ile aliyoitetea kwa ukali ilikuwa na sababu nyingine zaidi ya Lester. Alirudisha kaseti nyuma mara tisa. Alisikia mvumo tu, kama mafuta yanayokaangwa.

Asubuhi yake alimpigia Clayton. Hakuomba radhi wala kuombwa. Clayton alifika na Ruth-Ann, viatu vimejaa theluji, wakaketi palepale pao pa siku zote. Vernon akawaeleza habari ya kicheko, akaweka kaseti, akawatazama nyuso badala ya kusikiliza.

Baada ya wimbo wa pili Ruth-Ann aliinua mkono.

“Yupo?” Vernon aliuliza.

“Yupo,” Clayton alisema. “Anacheka kwa nguvu. Halafu anasema, ‘Vern, miguu inaniuma.’”

Maneno hayo Vernon alikuwa ameyasahau kabisa. Clayton akaiacha kaseti iendelee, na kwa muda wa saa nzima akamsimulia: sasa gitaa linapanda, sasa Lester ameingia, sasa ngoma imetulia. Alisimulia vizuri, bila mzaha hata mmoja, yeye ambaye kwa miaka ishirini hakumwachia Lester noti moja ipite salama.

Kaseti ilipokwisha Vernon alimtazama.

“Haya, sema. Ipi bora? Yangu au yako?”

“Yako,” Clayton alisema taratibu. “Yako ilikuwa bora siku zote, bwana.”

Vernon alingoja aongeze neno, amchokoze japo kidogo. Clayton alikuwa amekwisha kuinama, anavaa viatu. Ruth-Ann akakunja ufumaji wake, akambusu shavuni, akasema Jumapili watakuja. Walikuja kweli, Jumapili ile na nyingine nyingi, na Clayton hakumbishia tena.